Wiki Tano za Kuchagua Televizyo

Katika mji wetu wa Goma, mtu haendi peke yake kununua televizyo. Anaenda na mtu anayejua. Huyo mjuaji ndiye anayesimama mbele, anageuza chombo, anabonyeza, anakunja uso, anasema hii hapana, ile labda. Mwenye pesa anakaa kimya nyuma yake mpaka mwisho. Hata kama mjuaji mwenyewe hajui sana, ni lazima awepo, kwa sababu muuzaji akikuona peke yako anaelewa mara moja kwamba huna mtu.

Mimi sikuwa na mtu.

Ninaitwa Ntirenganya, na kazi yangu ni kuchonga mawe. Wanaojenga huku Keshero wananiletea mawe meusi ya volkano, na mimi ninayapiga nyundo mpaka yapate uso wa kukaa vizuri ukutani. Ni kazi ya kukaa chini, peke yako. Kutoka asubuhi mpaka saa tisa ninaweza kumaliza siku bila kusema neno hata moja, na sioni ugumu.

Mke wangu Dative alikuwa anasema kwa ajili yetu wawili. Tulikuwa na televizyo ya zamani, ile nzito yenye mgongo, na siku ya Jumapili baada ya misa sebule yetu ilijaa majirani na watoto wao, viatu vimerundikana mlangoni. Mimi nilikaa pembeni na nilikuwa na furaha, kwa sababu mbele ya televizyo hakuna anayekuuliza kwa nini husemi. Dative alikufa, sasa ni miaka minne. Binti yetu Bénita ameolewa Butembo. Majirani waliendelea kuja, si wengi kama zamani, lakini walikuja, mpaka siku ambayo picha iliingia ndani ya mstari mmoja mweupe na haikutoka tena. Jumapili iliyofuata hakuna aliyekuja. Ile nyingine pia. Ndipo nilipoelewa walikuwa wanakuja kuona nini.

Kwa hiyo nilitaka televizyo mpya. Si kwa ajili ya habari wala mpira. Nilitaka viatu mlangoni.

Nilipomaliza mawe ya uzio mmoja mrefu kule Kituku, nilikuwa na dola mia moja na hamsini. Nilinawa, nikavaa shati la kanisani, nikaenda Birere, kwenye duka la mwanamke anayeitwa Jolie. Nililichagua kwa sababu mlango wake ulikuwa mpana na ndani kulikuwa na kelele. Televizyo kumi na moja zilikuwa ukutani na zote zilikuwa zinaongea pamoja. Mtu anaweza kuingia mahali kama hapo bila kusikika.

Lakini Jolie aliniona.

"Karibu, Papa. Unatafuta tele?"

"Ndiyo."

"Uko na nani?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliangalia tu nyuma yangu, aone mjuaji ambaye atabishana naye. Nyuma yangu hakukuwa na mtu, ni barabara tu.

"Ndugu yangu atakuja," nilisema. "Laurent. Yeye njo anajua mambo ya kuran." Kuran ndivyo tunavyoita umeme.

"Iko wapi?"

"Iko safari."

"Sawa, basi umungoje. Kaa pale."

Pale palikuwa na benchi kando ya meza ya fundi wa duka, Harelimana, mtu mwembamba ambaye miwani yake inashikwa na uzi. Anatengeneza televizyo za watu zilizokufa, na mikono yake ikiwa ndani ya waya mdomo wake haupumziki.

"Muzee, unaonaka mpira?"

"Kidogo."

"Uko wa timu gani?"

"Yenye inacheza."

Alicheka mpaka akaweka chini chuma chake cha moto. "Jolie! Sikia huyu! Timu yake ni yenye inacheza!"

Jolie alicheka, na mteja mmoja naye akacheka. Sikuwa nimekusudia kuchekesha mtu. Nilikaa mpaka walipoanza kufunga, halafu nikarudi Keshero kwa miguu, na njiani niliona kwamba nilikuwa ninatabasamu peke yangu kama mjinga.

Kesho yake nilirudi. Nilisema Laurent hajafika, ila nimeona nipite niangalie kwanza. Siku ya tatu pia nilirudi. Kufikia mwisho wa wiki sikuwa ninasema chochote tena. Niliingia, nikasalimia, nikaenda kukaa kwenye benchi.

Wasifikiri watu kwamba nilikuwa ninadanganya kila kitu. Kuchagua, nilichagua kweli. Televizyo ambazo pesa yangu iliweza kuzifikia zilikuwa tatu tu. Ya kwanza ilikuwa mpya, ya inchi thelathini na mbili, sisi tunasema trente-deux. Ilikuwa nyembamba na imeandikwa jina ambalo hakuna aliyewahi kulisikia. Ya pili ilikuwa kubwa kuliko hiyo, lakini imeshatumika Ulaya. Picha yake ilikuwa tamu, na cheusi chake kilikuwa cheusi kweli kama jiwe ninalolichonga. Ya tatu ilikuwa vingt-quatre, ya inchi ishirini na nne, ndogo, lakini ilikuja na betri yake na pano, ile sahani ya sola ya kuweka juu ya mabati, jua lijaze betri. Huku kwetu umeme unaenda na kurudi unavyotaka wenyewe, na mtu mwenye pano hajali.

Harelimana alinifundisha. Kila siku aliniongezea kitu kimoja, kama vile mtu anavyomlisha kuku.

"Usiangalie picha ya mpira, muzee. Mpira unadanganya. Omba bakuwekee picha nyeupe tupu, utafute madoa."

Siku nyingine: "Weka mukono kwa mugongo yake. Kama kisha saa moja inachoma, usibebe."

Na siku nyingine tena, kwa sauti ndogo ili Jolie asisikie, alinionyesha ile ya Ulaya kwa nyuma. Vichwa vya bisi, zile skrubu zinazoifunga, vilikuwa na mikwaruzo. "Unaona? Ilishafunguliwaka. Mutu aliingia mule kabla yetu. Sijui alitoa nini." Basi ile ya Ulaya niliiacha.

Jambo moja nilijifundisha mwenyewe. Katika nyumba ya watu wengi, wanaokaa katikati ni wachache. Nilienda kusimama pembeni kabisa mwa ile trente-deux, karibu na ukuta, nikaona nyuso za watu kwenye picha zimegeuka rangi ya majivu. Ile ndogo, hata ukiiangalia kutoka pembeni, watu walibaki watu. Nilimwambia Harelimana, naye akaja kusimama pale pale, akapiga ulimi.

"Miaka yote minauza hapa, hakuna mutu aliangaliaka ya pembeni."

"Wageni wanakaa pembeni," nilisema.

Kwa hiyo katika wiki ya pili nilikuwa nimeshajua. Ni vingt-quatre. Pesa ilikuwa mfukoni. Ningeweza kusema "nifungie hii" na kwenda nyumbani. Lakini mtu aliyenunua hana sababu ya kurudi dukani. Kwa hiyo sikusema, na Laurent alibaki safarini.

Walianza kuniita Papa Laurent-Anakuja. "Papa Laurent-Anakuja amefika, tufungue duka!" Harelimana alipaza sauti hivyo hata duka likiwa limefunguliwa tangu asubuhi. Waliniuliza habari zake, na mimi nilijibu.

"Ni mukubwa wako ao ni mudogo?" Jolie aliuliza.

"Mudogo."

"Iko na bibi?"

"Hapana. Bado."

"Ah! Na kazi ya kuran anaijua? Papa, umulete haraka. Mimi niko na dada kwetu, na yeye iko anangoja mutu iko safari."

Nilicheka pamoja nao. Halafu jioni, nyumbani, nikipika maharagi yangu, nilijikuta ninafikiri kama Laurent angempenda dada wa Jolie. Nilifikiri anavyotembea, anavyovua kofia mlangoni. Kweli niliwahi kuwa na ndugu, zamani, kwetu Masisi, lakini alikufa kabla ya kuota meno, na jina lake halikuwa Laurent. Huyu wa dukani nilimtengeneza mwenyewe, na kufikia wiki ya nne nilikuwa ninamjua kuliko majirani zangu.

Katika wiki hiyo ya nne Harelimana alichukua simu yake. "Tupatie namba ya huyu muheshimiwa. Mimi mwenyewe nitamuuliza kama anakuja ao hakuji."

"Simu yake ilianguka ndani ya maji," nilisema.

"Ziwani?"

"Ziwani."

"Basi akuje bila simu! Miguu yake haikuanguka."

Jolie hakucheka siku hiyo. Alikuwa anapanga makartoni, na bila kuniangalia alisema, "Papa, ile ya pano imebakia moja tu. Minaichunga juu yako. Lakini siwezi kuichunga mupaka Noeli."

Nilisema asante. Nilikaa kwenye benchi na siku hiyo sikuona chochote kwenye ukuta ule.

Wiki ya tano, siku ya Jumanne, aliingia mwanamke mmoja mwenye umri kama wangu, ana udongo kwenye viatu na kitambaa kikubwa kichwani. Nilikuja kujua kwamba anaitwa Niyonsenga na analima kabichi kule Kibumba. Alisimama katikati ya duka, akaangalia zile televizyo zote kama mtu anayeangalia ng'ombe sokoni.

"Karibu, Mama," alisema Jolie. "Uko na nani?"

"Niko peke yangu," alisema yule mama.

Alisema hivyo tu. Hakushusha sauti. Mimi nilimwangalia kama mtu aliyeona mwingine akivuka mto mahali ambapo yeye mwenyewe alirudi nyuma.

"Hauna mutu wa kukuchagulia?" aliuliza Harelimana.

"Sina. Bwana alishakufa, na batoto yangu banajua tu kulilia hii tele. Lakini hapa si kuko batu?" Aligeuka, akaniona kwenye benchi. "Papa, wewe unaonekana umekaa sana humu. Kama ingekuwa ni pesa yako, ungebeba gani?"

Wote waliniangalia. Jolie hasa. Alijua, na mimi nilijua, na ile vingt-quatre ilikuwa juu ya meza imefungwa nusu ndani ya kartoni lake, ile ya mwisho.

Ningeweza kumwonyesha ile trente-deux. Ilikuwa kubwa na ilikuwa inang'aa, na asingenilaumu.

"Kule Kibumba kuran iko?" nilimuuliza.

"Kuran ya wapi, Papa? Tuko na jua na mvua."

"Batoto ni ngapi?"

"Sita, na ya bajirani."

Nilisimama. Nilimwambia yote niliyofundishwa katika wiki tano, kuhusu picha nyeupe, na mgongo wa moto, na bisi. Nilimsimamisha pembeni aone nyuso za watu. Sijawahi kuongea muda mrefu vile tangu siku ya kuomba uchumba wa Dative, na hata siku hiyo ni baba yangu mkubwa aliyesema zaidi. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi ni hii ndogo." Alitoa pesa zake kifuani.

Nilimsaidia kufunga kartoni kwenye pikipiki na pano mgongoni mwake. "Mungu akuzidishie, Papa," alisema. "Bibi yako iko na bahati, hataibiwaka." Pikipiki iliondoka kuelekea njia ya Rutshuru.

Niliporudi ndani, Jolie alikuwa amekaa, jambo ambalo halifanyi mara nyingi.

"Ile njo ilikuwa yako," alisema.

"Ndiyo."

"Sasa Laurent atasema nini?"

Nilikuwa na uwongo tayari. Lakini nilikuwa nimetoka kumsikia mtu akisema yuko peke yake na hakuna kilichomwangukia.

"Sina ndugu," nilisema. "Laurent hayuko. Hakuwako."

Ukuta wote uliendelea kuongea. Kwenye televizyo moja mtu alikuwa anauza sabuni. Harelimana alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Na mimi nilishaanza kumupenda huyu kijana," alisema.

Hakuna aliyecheka sana. Jolie aliniangalia, na nilipoona macho yake yanataka kunionea huruma, nilishikwa na haya ambayo sijui kuieleza. Mteja mwingine alikuwa anaingia.

"Papa," alisema Jolie polepole, "sasa leo unabeba ao unaacha?"

"Ninabeba." Nilinyoosha kidole haraka, bila kufikiri. "Ile."

"Trente-deux?" Harelimana alisimama. "Hapana, muzee! Wewe mwenyewe ulisema, pembeni iko majivu!"

"Nitakaa katikati," nilisema.

Basi ndivyo nilivyonunua televizyo ambayo sikuitaka, baada ya kuchagua kwa wiki tano. Jolie aliniandikia karatasi ya garanti, siku saba, kama wanavyofanya maduka yote ya pale. Ikiwa na shida ndani ya siku saba, unairudisha. Baada ya hapo ni yako na shida zake.

Jirani yangu Léonie, mke wa Twagirayezu, aliniona nikishusha kartoni. "Papa Bénita! Umeleta tele! Tutakuja kuiona!" Nilisema karibuni. Nilimaanisha neno hilo kuliko alivyojua.

Jumapili nilinunua Fanta nne na nikafuta viti. Umeme ulikuwepo, kwa bahati. Aliyekuja ni Twagirayezu tu. Watoto, alisema, wako nyumbani na simu, wanaangalia vya kwao. Alikaa kwenye kiti cha pembeni, viatu miguuni.

"Iko munene," alisema. Kisha akainamisha kichwa. "Lakini huku kwangu sioni sura za batu."

Nilimpisha kiti changu cha katikati. Alikunywa Fanta, simu yake ikalia, akatoka nje kujibu, na baadaye nilisikia sauti yake tayari iko uani kwake. Nilibaki na chupa tatu. Nilirudi kukaa katikati, na kutoka pale picha ilikuwa nzuri sana.

Zile siku saba nilizipitisha nikitafuta kosa. Ninasema ukweli. Niliweka picha nyeupe nikatafuta madoa, hakukuwa na doa. Niliweka mkono mgongoni, haukuchoma. Nilipandisha sauti mpaka mwisho nisikie kama plastiki inatetemeka. Kama ningepata hata doa moja, ningekuwa na sababu ya kuingia tena kwenye duka lile, na wangenisogezea benchi, na Harelimana angeifungua polepole, labda siku mbili, labda tatu. Siku ya sita nilichukua bisibisi. Waya mmoja ulegee kidogo tu. Lakini nilikumbuka ile ya Ulaya na mikwaruzo yake. Harelimana angejua mara moja ni mkono wa nani. Nilirudisha bisibisi kwenye kikapu cha nyundo zangu.

Siku ya saba nilienda Birere bila televizyo. Njiani nilijitafutia maneno. Rimoti ni ngumu. Waya ni mfupi. Yote mawili yangepita.

Jolie aliponiona alinyoosha mkono achukue kitabu cha garanti. "Iko na shida gani, Papa?"

"Haiko na shida."

"Picha?"

"Nzuri."

"Sauti?"

"Nzuri."

"Sasa?"

Kulikuwa na wateja wanne ndani, na wote waligeuka.

"Nimekuja kuwasalimia," nilisema.

Jolie alibaki na kitabu mkononi. "Kusalimia tu?"

"Ndiyo."

"Na ndugu yako?" Harelimana alipaza sauti kutoka mezani.

"Niko peke yangu."

"Basi usisimame mulangoni, unafunga njia," alisema Jolie, na akamgeukia mteja wake.

Niliingia. Mzigo mpya ulikuwa umefika, benchi lilikuwa limejaa makartoni mpaka juu, na hapakuwa na mahali pa kukaa. Nilisimama kando ya meza ya Harelimana. Hakusema mengi. Alikuwa na televizyo tatu za watu za kumaliza kabla ya jioni. Nilimwangalia akiunganisha waya. Kila dakika niliogopa kwamba mmoja wao ataniuliza tena nimekuja kufanya nini, na mara hii sitakuwa na jibu lingine. Hakuna aliyeuliza. Mara moja tu Harelimana alinipa taa ndogo bila kuniangalia, nimmulikie, na nilimmulikia mpaka mkono ukachoka.

Baada ya nusu saa hivi nilisema ninaenda.

"Sawa, Papa," alisema Jolie, mgongo wake kwangu. "Upitie tena."

Anamwambia hivyo kila mtu anayetoka. Nilimsikia kwa wiki tano. Hata aliyebishana naye na kutoka bila kununua anaambiwa vile vile.

Alhamisi nilipita tena.